Dumu la Maji Mapajani

Tangu nywele zake zikiwa nyeusi, Delphine Mikulec hajapanda gari la mumewe bila dumu la maji mapajani. Wanawake wengine hupakata pochi, wengine hupakata kijibwa. Yeye alipakata dumu la plastiki lililowahi kuwa la maziwa, tena mwezi wa Agosti, joto limekaba koo, madirisha wazi na hita imewashwa mpaka mwisho. Ndiyo, hita! Usicheke kwanza. Injini ikianza kupanda joto, ukifungulia hita unalivuta lile joto liingie ndani ya gari, na injini inapata nafuu. Injini inapata nafuu, Delphine anaiva. Poda inachuruzika, wanja unafika shavuni, na Chester mumewe anasema, "Vumilia kidogo, mpenzi, sindano inashuka," wakati kila mwenye macho anaiona sindano ya kipimo cha joto inapanda.

Gari lenyewe, jamani, ukiliona utasamehe. La mwaka sitini na tisa, milango miwili, jekundu la nyanya iliyoiva, pua ndefu, na injini ya silinda nane inayonguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Chester alilinunua akiwa kijana, mshahara wake wa kwanza wa maana kiwandani, akaliita Malkia. Mtaa wao wa Hamtramck, ule mji mdogo uliozungukwa na Detroit pande zote, ulimsikiliza kwa heshima, kisha ukaliita Birika.

Maana yake nini? Kila Agosti, Jumamosi ya tatu, watu wa huko hutoa magari yao ya ujana na kuyapeleka barabara ya Woodward, kutoka Ferndale mpaka Pontiac, kisha kurudi. Hakuna mashindano wala zawadi. Unatambaa, unatazamwa, unapungiwa mkono, basi. Wasio na magari hupanga viti vya kukunja kando ya barabara tangu asubuhi, na makopo ya bia kwenye barafu. Na kila mwaka, lilipofika karibu na njia panda ya barabara iitwayo Maili Kumi na Mbili, Birika lilichemka. Mvuke puu! Chester anapinda kando, anafungua boneti, na boneti ikishafunguliwa, mwenzangu, kila mwanamume mwenye kopo la bia anageuka daktari. Huyu anasema thamostati, yule anasema gasketi, wa tatu anasema binamu yake alikuwa na moja la hivi hivi na lilimuua.

Norbert, binamu yake Chester, mwenye duka la magodoro kule Sterling Heights, alikuwa ameshaizoea ratiba hiyo. Alipanga viti vyake pale pale kwenye njia panda, na pembeni aliweka kiti kimoja kitupu alichokiandika kwa rangi nyeupe mgongoni: DELPHINE. Anachoma soseji zake, anangoja, na dumu likishuka na mwenye dumu, anapangusa kiti kwa kitambaa. "Karibu, shemeji. Mwaka huu mmechelewa, nilianza kuwa na wasiwasi."

Mwaka jana Chester alishindwa kujizuia. Alikuwa amelowa jasho, kifundo cha mkono kimeungua kwa mvuke, na Norbert akamuuliza mbele ya watu kama angependa kuingiza na majani ya chai kabisa. "Likichemka tena mwakani," Chester alipayuka, "funguo nakupa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!" Norbert hakungoja arudie. Alimpa mkono papo hapo, mashahidi wakiwa na soseji midomoni. Alishajua atakachofanya: atalipandisha gari juu ya paa la duka, atatoa viti, atatandika godoro ndani, na usiku litawaka taa za rangi. Delphine alitabasamu kwa adabu, akaenda chooni kwenye duka la jirani, akalia.

Maana Delphine alikuwa na siri ndogo na lile gari. Akiwa na miaka kumi na tisa, akigawa kabichi na nyama kantini ya kiwanda, Chester alimchukua kwa mara ya kwanza akampeleka Woodward yote, mpaka Pontiac. Hakukuwa na dumu siku hiyo. Mkono mmoja aliutoa dirishani ukicheza na upepo, mwingine aliuweka shingoni kwa dereva, na kwenye maegesho ya duka la aiskrimu Pontiac, Chester akamuuliza kama anaweza kumvumilia maisha yote. Akasema anaweza. Baada ya hapo wakapata watoto, wakawalea wakaondoka, wakastaafu, na Pontiac hawakuifika tena kwa gari lile. Alitaka kufika mara moja nyingine tu kabla halijatandikwa godoro.

Sasa tuje wiki ile ya mwaka huu. Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya Woodward, Chester alikuwa kwenye gereji yake uchochoroni nyuma ya nyumba, boneti wazi, uso umemshuka. Alikuwa ametoka kulijaribu gari. Aliyeegemea mlango wa gereji na kikombe cha chai ni Nagi Musaid, Myemeni wa nyumba ya pili. Alifanya kazi na Chester kiwanda kimoja mpaka wakastaafu siku moja, na hawajawahi kukubaliana hata kuhusu rangi ya mbingu. Delphine alikaa kwenye ngazi za jikoni akikata maharage mabichi, sikio likiwa gerejini.

"Ni thamostati," Chester alisema.

"Thamostati? Hiyo ya sasa hata jina lako haijalijua, umeiweka majuzi."

"Basi pampu ya maji."

"Mpya."

"Mpira wa chini wa rejeta. Unaweza kuwa unajikunja."

"Mpya. Rejeta umeizibua, mkanda mpya, mfuniko mpya. Mzee, kilichobaki ni kubadilisha dereva."

"Nagi, siku hizi hata chai yako inanikera."

"Chester," Delphine aliita kutoka kwenye ngazi. "Leo limechemkia wapi?"

"Hapa hapa, barabara ya Joseph Campau, mbele ya duka la mikate. Nilikuwa nyuma ya lori la taka, linasimama kila mlango."

"Na kule barabara kuu?"

"Kule? Kule nimelikimbiza mpaka kofia ikanitoka. Sindano haikutikisika."

Delphine aliacha kukata maharage. "Na mwaka jana? Si tulikwenda mpaka Ferndale safi kabisa, tumeanza kutambaa tu, likaanza?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na mwaka juzi?"

Nagi aliweka kikombe chini taratibu.

"Shemeji," alisema, "njoo huku karibu. Tumekaa na gari hili miaka yote tunalitibu maji, kumbe halina ugonjwa wa maji. Likikimbia, upepo unaingia wenyewe kwa mbele, rejeta inapoa. Likitambaa hakuna upepo, feni ndiyo inatakiwa kuuvuta. Feni yake haivuti."

"Feni yangu!" Chester alishtuka utadhani ametukaniwa mtoto. "Feni ya kromu! Hiyo unaweza kunyolea ndevu ukijitazama!"

"Nyolea. Lakini haivuti. Shemeji, una karatasi?"

Delphine alipapasa mfuko wa aproni akatoa karatasi ya matangazo ya parokia, ile yenye ratiba ya misa na bahati nasibu ya wajane. Chester aliwasha gari, vikombe vikacheza mtaa mzima. Nagi aliichukua karatasi akaisogeza mbele ya rejeta, katikati kabisa. Ilinyakuliwa, ikajibandika pa! Akaitoa, akaisogeza kwenye kona ya juu. Ikateleza, ikaanguka. Kona ya chini, ikaanguka. Kona ya tatu, misa ya Jumapili ikapeperuka mpaka kwenye pipa la taka.

"Umeona?" Nagi alipiga kelele juu ya mngurumo. "Inavuta katikati tu! Huko pembeni kote hewa ya moto inazunguka humo humo ndani, inarudi, inazunguka tena!"

Chester alizima gari. Kimya kilipoingia, Delphine ndiye aliyeuliza swali, na nakuhakikishia katika makopo yote ya bia ya Woodward hakuna hata moja lililowahi kuliuliza. Aliuliza, "Lilianza lini?"

"Nini?"

"Kuchemka. Nilipokuwa binti halikuchemka. Ulinipeleka Pontiac mikono mitupu. Lilianza lini?"

Chester alikuna kichwa. "Lilianza... mwaka ule nilipolipamba."

"Ulipolipamba ulitoa nini?"

"Sikutoa kitu! Niliongeza. Nilipaka kromu feni, nikapaka kromu mfuniko wa chujio cha hewa, nikapaka..."

"Chester."

"Nilitoa lile kava tu."

"Kava gani?" Nagi aliuliza, akisogea karibu.

"Lile dude jeusi la plastiki linaloizunguka feni. Baya, limekaa kama beseni lililotobolewa tundu. Linaificha feni yote! Sasa mtu utie kromu halafu uifunike?"

Nagi alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Ya salaam! Kava la feni! Chester, kazi ya lile dude ni hiyo hiyo, kuibana hewa yote ipite kwenye rejeta nzima, kona kwa kona! Umekula mshahara wa kiwanda cha magari maisha yako yote, hujui kava la feni?"

"Mimi nilikuwa idara ya milango!" Chester alifoka. "Na wewe ulikuwa wapi? Umeitazama injini hii miaka mingapi, mbona hukuona?"

Nagi alitaka kujibu, akatazama feni, ikamrudishia sura yake mwenyewe iking'aa. "Kromu," alisema kwa unyonge. "Mtu anatazama kromu."

Na ndivyo ilivyokuwa, usiwalaumu sana. Wale madaktari wa kando ya barabara nao, nusu yao walikuwa wameyatoa makava yao kwa sababu hiyo hiyo. Huko mtu haendi Woodward kufungua boneti aonyeshe plastiki nyeusi.

"Sasa liko wapi?" Delphine aliuliza.

"Nililitupa kwenye pipa la taka, hapo hapo uchochoroni."

"Tuagize jingine," Nagi alisema. "Lakini gari la zamani hivi, litafika baada ya wiki tatu. Kesho kutwa ndiyo Jumamosi."

Chester alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Delphine aliliona godoro juu ya paa, aliziona na taa zikimemeteka. Alirudia kichwani maneno ya mumewe: jeusi, la plastiki, beseni lililotobolewa tundu. Kisha akayarudia tena, taratibu. Kisu cha maharage kikamdondoka.

"O Jezu," alisema, akaanza kukimbia.

Alizunguka nyumba kwa viatu vyake vya jikoni, Chester nyuma yake, Nagi nyuma ya Chester. Mbele ya nyumba, kwenye kipande cha nyasi, alikaa mama yake Chester, Leokadia, aliyeishi ghorofa ya chini na ambaye mtaa mzima, Wapolandi kwa Wabengali kwa Wayemeni, humwita Busia, yaani bibi. Alikuwa kwenye kiti chake cha jikoni, kitambaa kichwani, ndala miguuni, rozari mkononi. Mbele yake ilisimama sanamu ya Bikira Maria. Na kuizunguka sanamu, limesimamishwa wima juu ya matofali, duara lake nyuma ya kichwa kitakatifu, limepakwa rangi ya buluu na nyota za dhahabu kila mwezi Mei, lilikuwa kava la feni la gari la mwaka sitini na tisa.

Walisimama watatu kwa mstari. Nagi ndiye aliyeanza kutoa mlio mdogo puani. Delphine aliuma midomo, haikusaidia.

"Mnacheka nini mbele ya Mama Mtakatifu?" Busia aliuliza bila kugeuka.

"Mama," Chester alisema, "hilo la buluu ulilipata wapi?"

"Kwenye taka. Wenzangu wote walikuwa wamemsimamishia beseni la kuogea liwe kibanda chake, mimi sina beseni. Nikaona mwanangu mpumbavu ametupa kitu kizima. Nikasema asante."

"Na... Mama, ukikaa hapa, huwa unasali nini?"

"Mambo yangu. Afya. Marehemu baba yako." Busia alisogeza punje moja ya rozari. "Na hilo gari lako lisichemke."

Basi hapo ilikuwa mwisho. Delphine alikwenda chini kwenye nyasi, mzima mzima, na aproni yake. Nagi alijishikilia kwenye uzio, machozi yanamtoka, anasema "miaka yote, miaka yote," hawezi kumaliza. Chester alicheka mpaka akapaliwa. Busia aliwatazama kwa zamu kama watu waliolewa mchana, mpaka Delphine akajikusanya, akapiga magoti karibu na kiti, akamweleza: feni, upepo, kona za rejeta, Norbert, godoro. Bibi alisikiliza. Alilitazama kava, akalitazama tena.

"Basi alinijibu siku ile ile," alisema. "Ninyi ndio hamkutazama."

"Kwa hiyo tunaweza kulichukua, Mama?"

"Hapana."

"Mama!"

"Wiki hii ni sikukuu yake. Nimuache amesimama uchi mbele ya watu? Nipeni kitu chenye hadhi, ndipo tuzungumze."

Chester aliahidi beseni jipya. Busia hakutaka beseni. Aliahidi kibanda cha matofali. Busia alisema yeye ana miaka tisini na kitu, asidanganywe na mafundi wa matofali. Akaomba mkono, akainuka, akajikongoja ndala kwa ndala mpaka gerejini, akainama juu ya injini. Alitazama muda mrefu, kisha akanyoosha kidole.

"Kile."

Kilikuwa mfuniko wa chujio cha hewa. Duara pana la kromu katikati ya injini, safi kuliko sahani za harusi. Chester alipauka.

"Mama, hicho hapana. Hicho nakisugua kila Jumapili baada ya misa."

"Najua. Nakusikia kutoka dirishani unavyokiimbia. Sasa utakisugua pale nje, na yeye akisikia."

Chester alimtazama Delphine, kutafuta mtetezi. Delphine alikuwa ameshika bisibisi tayari, amemnyooshea.

Alikifungua. Alasiri hiyo Bikira Maria alipata taji la kromu nyuma ya kichwa, na jua lilipolipiga, mwanga ulikwenda moja kwa moja mpaka jikoni kwa Nagi, mkewe akafunga pazia akilalamika. Nagi alileta mfuniko mweusi wa kawaida kutoka bandani kwake, wenye kutu ukingoni, wakauweka kwenye injini. Kava nalo waliliosha, wakatoa buibui na matone ya mishumaa, wakalirudisha kwenye kiti chake. Matundu ya skrubu yalikuwa yanangoja pale pale. Chester alitaka walipige rangi nyeusi kwanza.

"Gusa nyota hata moja," Busia alisema, "uone."

Wakawasha. Nagi akaokota matangazo ya parokia pale yalipoangukia. Katikati, pa! Kona ya juu, pa! Kona ya chini, pa! Misa zote zikashika. Delphine alimkumbatia Nagi, akamkumbatia Chester, akaikumbatia na nguzo ya gereji.

"Na mimi nakwenda," Busia alisema.

"Wapi, Mama?"

"Pontiac. Kava ni la nani?"

Jumamosi iliamka na joto la kutisha. Delphine alijifunga kitambaa cha hariri, akapaka rangi ya midomo nyekundu ya gari lenyewe, akavaa miwani mikubwa myeusi. Alipofika mlangoni alisita, akarudi jikoni, akalijaza dumu. Aliona haya, lakini alilipakata. Chester aliliona akajifanya hakuliona. Busia alijaa kiti cha nyuma na rozari yake na mfuko wa biskuti.

Ferndale walipita safi. Kisha foleni ikaanza, magari mbele, magari nyuma, watu wanapunga, muziki kila dirisha, na Birika likaanza kutambaa. Sindano ikaanza kupanda. Chester alinyoosha mkono kwenye swichi ya hita bila hata kujua, mazoea tu, na Delphine akamchapa kibao cha mkono.

"Usiguse!"

"Inapanda!"

"Naiona! Usiguse!"

Walisimama. Wakasogea kidogo. Wakasimama tena nyuma ya gari la kijani linalotoa moshi. Sindano ilipanda mpaka katikati, ikapita katikati kidogo, Busia nyuma anasali kwa sauti, mbio mbio. Halafu feni ikasikika. Sauti haikuwa ile nyembamba waliyoizoea, sasa ilivuta kwa kifua, hewa ikivuma kupita kwenye rejeta. Sindano ikasimama. Ikakaa. Ikarudi katikati, na hapo ikatulia kabisa.

"Delphine," Chester alisema. "Delphine, unaona?"

"Naona. Endesha. Usinisemeshe, nitalia, na wanja huu ni mpya."

Njia panda ya Maili Kumi na Mbili ikatokea. Norbert alikuwepo, na soseji zake, na mara hii na lori la kubebea magari limeegeshwa nyuma yake, dereva akiwa tayari na minyororo. Kiti cha Delphine kilikuwa kimepanguswa. Norbert alisimama kabisa katikati ya nyasi akiwapungia kwa uma.

"Shemeji! Karibu! Godoro nimeshachagua!"

Chester alikaza mikono kwenye usukani apite. Na hapo Delphine akasema neno ambalo mumewe hataacha kulisimulia mpaka afe.

"Simama."

"Nisimame? Una wazimu? Tumeshapita! Tukisimama ndipo litakapo..."

"Pinda kando, Chester. Na usizime injini."

Alipinda. Ukitaka kuumbuka, hiyo ndiyo njia yake: joto la Agosti, gari limesimama, injini inanguruma, hakuna upepo hata wa kupepea jani. Delphine alishuka na dumu lake. Nderemo! Norbert alirusha mikono juu, dereva wa lori akaokota minyororo, na makopo ya bia yakainuka kutoka viti vyote na kuja kutibu. Delphine aliwapita wote, akafika kwenye kiti chenye jina lake, akakaa, akaweka mguu juu ya mguu.

Walingoja mvuke. Injini ilinguruma. Waliinama, wakatazama chini, wakanusa. Hakuna hata tone. Mmoja akaweka kiganja juu ya boneti, akamtazama mwenzake. Norbert aliacha soseji zikaungua.

"Shemeji," alisema, "si ulipeleke maji hayo kwenye rejeta?"

"Haina kiu," Delphine alisema.

Akafungua kizibo, akainua dumu kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa polepole, kichwa nyuma, rangi ya midomo ikabaki kwenye mdomo wa dumu. Miaka yote ile alibeba maji kwa ajili ya gari, na siku hiyo ndipo alipoijua ladha yake. Yalikuwa na ladha ya plastiki. Aliyapenda mno.

"Fungua boneti!" watu walipiga kelele. Chester alifungua. Badala ya kromu wakaona mfuniko mweusi wenye kutu, na nyuma ya rejeta mbingu ya buluu yenye nyota za dhahabu, na feni ikivuma ndani yake.

"Kava hili la kampuni gani?" mmoja aliuliza kwa heshima.

"La Mama Maria!" Busia alijibu kutoka dirisha la nyuma, mdomo umejaa biskuti. "Na soseji zenu zinaungua!"

Delphine aliinuka. Alimkabidhi Norbert dumu lililobaki nusu, akamwekea mikono juu ya dumu vizuri, kama anayemkabidhi mtoto wa mtu. "Lipakate wewe sasa," alimwambia, akapanda gari.

Walikwenda. Mbele ilikuwa Pontiac, na barabara ilianza kufunguka kidogo kidogo. Delphine alitazama mapaja yake matupu, akaweka mikono pale, akaitoa, akaikunja, akaikunjua.

"Sijui mikono hii niiweke wapi," alisema.

"Popote unapotaka," Chester alisema, na macho yake hayakuwa makavu.

Basi akautoa mmoja dirishani, upepo ukaushika. Mwingine akauweka shingoni kwa dereva, pale pale palipokuwa pake alipokuwa na miaka kumi na tisa, na sindano ikaendelea kukaa katikati.

"Nimeuona huo mkono," Busia alisema kutoka nyuma. "Wewe endesha, Chester."